Jeli Nyekundu ya Mageni

Mjukuu wake aliyeko Kahama ndiye aliyemletea bibi Mageni pakiti ya unga wa jeli nyekundu, ile tamu ya kula. Bibi aliikoroga kwa maji ya moto, akaiacha kwenye bakuli kando ya mtungi usiku ule wa kipupwe, na kulipokucha ilikuwa imeganda, inatikisika kama ini. Jirani aliyekuja kuomba moto aliliona bakuli, akatoka mbio. Punde uani pakajaa watu.

"Mayu, hiyo damu ya nani?" akauliza Enock, mwenyekiti wa kitongoji, akimwita mama kwa Kisukuma bila hata shikamoo.

Mageni alijua kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi na hana mtetezi, hata kama yameivishwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Lakini hawa ni wafugaji. Kila mmoja amewahi kupika damu ya ng'ombe, na anajua ikishaganda motoni hairudi kuwa maji. Akaimimina ile jeli kwenye sufuria, akaibandika jikoni wajionee wenyewe kwamba si damu.

Ikalegea, ikayeyuka, ikawa maji mekundu.

Enock akarudi nyuma hatua moja.

"Mmeona," akasema taratibu. "Damu iliyokufa, ameifufua."

Nyuma ya umati, mtu akalifunga lango la ua.