Punje ya Tatu ya Buni

Alasiri, Laurensia alitandika mkeka mbele ya nyumba yake ya Ihembe, akaweka juu yake kibuyu cha pombe ya rubisi, sinia la ndizi na maharage, na kijikapu cha matunda ya buni aliyoyachuma nyuma ya jiko. Kisha akamsogezea kigoda mama yake, Benadeta, aliyekuwa amesimama upenuni akiegemea ukuta.

Benadeta alikuwa marehemu. Alizikwa katika kibanja chake cha migomba kilimani, kama walivyozikwa wakwe zake. Ila siku alipozikwa yeye kibanja hakikuwa na mgomba hata mmoja, na wafu wa Ihembe hawajazoea kulala juani. Kwa hiyo jua likipanda huteremka kwa bintiye kutafuta kivuli, na likizama hurejea kaburini. Majirani wapitao humwamkia, naye huwaitikia kwa kichwa, maana sauti hakurudi nayo.

Migomba ile aliiomba Dakta Egbert Byarugaba, mzaliwa wa hapohapo. Alikuja kwa adabu, akaeleza kwamba anataka kuitia ugonjwa wa mnyauko, apate kujua ni shina lipi litakalosimama. Akaahidi kukipanda kibanja upya kazi ikiisha. Benadeta alikuwa amembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na hakuona namna ya kumnyima. Migomba ikafa yote isipokuwa shina moja, nalo likang'olewa, likapelekwa maabara. Mwenye kibanja akafa kabla ya kupandiwa. Na kwa kuwa mahali pale palikuwa pamekwisha kuwa peupe, tena juu, Dakta Adelard, mtoto wa wahamiaji wa Kyerwa waliotoka Rwanda, akasimika hapo milingoti ya kusikiliza nyota. Taasisi yao ikajenga uzio wa waya, lango likatiwa kufuli. Laurensia alikatazwa kupanda kitu chochote: udongo ungali na maradhi, na majani yakipepea huvuruga sauti za mbinguni. Hata magugu ya kaburi huyatazama kutoka nje.

Ndipo ilipotangazwa tuzo kubwa ya sayansi, ikagawanywa nusu kwa nusu baina ya mabwana hao wawili. Redio ilisema kwamba majaji wamependezwa kuziweka pamoja elimu mbili zisizo na nasaba, ya mgomba na ya nyota.

Mzee Nestory Kamugisha, mkubwa wa ukoo, aliposikia hayo alifadhaika. Kitu hakigawanywi baina ya watu wasio ndugu. Hufanywa ndugu kwanza, wasije wakanyang'anyana. Nao undugu huo, uitwao omukago, hufungwa kwa tunda moja la buni: hupasuliwa, kila mmoja akameza punje moja. Zamani punje zilipakwa damu iliyochanjwa tumboni. Siku hizi, kwa ajili ya dini na ya magonjwa, damu imeachwa, imebaki buni. Mzee akawaita wataalamu, nao kwa heshima yake wakaja, akawakaribisha nyumbani kwa Laurensia kwa sababu ndiko kuliko karibu na kibanja.

"Mmoja macho yako chini kwenye mashina, mwingine yako juu kwenye nyota," aliwatania walipokuwa wakila. "Mkiongozana, nani ataangalia njia?"

"Ndiyo maana tumekuja kwa bodaboda, mzee," alijibu Adelard.

Walipokwisha kunawa, Mzee Kamugisha alichukua tunda, akalipasua kwa ukucha. Tunda la buni huwa na punje mbili, mara chache moja. Hilo lilikuwa na tatu. Akaliweka kando, akapasua lingine, likawa na tatu. Alipasua mpaka kijikapu kikabaki kitupu.

"Kuna mwenye fungu ambaye hatujamketisha," alisema.

Laurensia alimjibu kwamba ameketi tangu walipofika.

Egbert aligeukia upenuni. "Shikamoo, mama," alisema, jambo ambalo hakulifanya alipoingia. Benadeta akamwitikia kwa kichwa. Mzee akampelekea punje ya tatu, akaiweka kiganjani mwake.

"Baba, wasimeze kwanza," alisema Laurensia. "Hawa wanaambiwa hawana nasaba, na kazi zao zimetoka katika kibanja kimoja. Siombi tuzo, wala jina kutajwa. Naomba lango lifunguliwe, nipande mche mmoja wa mgomba kichwani pa mama."

Egbert alikiri kwamba ahadi ilikuwa yake na hajaisahau. Lakini ardhi sasa i chini ya taasisi, naye atalipeleka jambo hilo kikaoni. Kuhusu punje ya tatu, alieleza kwa upole kwamba tuzo hupewa walio hai.

"Mgomba mmoja haubaki mmoja, dada," aliongeza Adelard. "Utageuka na kuukuta kichaka."

"Ndiyo kazi ya mgomba, mwanangu," alisema Mzee Kamugisha.

Wakameza punje zao, wakashushia rubisi. Benadeta hakumeza yake. Aliifunga katika pindo la kanga, akatazama kilimani, na mzee hakumshurutisha. Mwanamke mwenye kibanja hamezi omukago upenuni, humeza kwake, chini ya mgomba wake. Hivyo wale wawili wakawa ndugu wao kwa wao, bila yeye.

Tuzo ilitolewa. Redioni kila mmoja alimshukuru mwenziwe, akimwita ndugu yangu, na Laurensia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kutoa majivu jikoni.

Tangu msimu ule, buni zote za Ihembe zina punje tatu. Wanunuzi walinung'unika mwanzoni, kisha wakabadilisha chekeche. Wenyeji huitenga ya tatu, na wapitapo kwa Laurensia humwachia mama yake bila kuulizana, naye huifunga pamoja na nyingine. Pindo limekuwa zito. Jua likizama Benadeta hupanda kilima polepole, akapenya kati ya nyaya za uzio, ambazo hazijamzuia yeye bali binti yake, akajilaza mahali pake. Milingoti huusikia mchakacho wa punje zile ajigeuzapo. Dakta Adelard huufuta kwenye rekodi kila asubuhi, kwa kuwa hautoki kwenye nyota.