Keekee Isiyoandikwa Daftarini

Kwa miaka kumi na moja, mkono uliompa Dokta Julius vifaa katika chumba cha upasuaji wa vichwa, hospitalini Korogwe, ulikuwa mkono wa Sista Dorkasi. Hakusubiri kuombwa. Daktari akikohoa tu, mkasi umeshafika. Wenzao waliwatania kwamba ni mapacha, naye Dorkasi alijifanya kukasirika huku moyoni anachekelea.

Ndipo ikaja korona. Kitengo kikagawanywa makundi mawili yasiyokutana, wiki hii hawa, wiki ijayo wale, ili ugonjwa ukiliangusha moja jingine libaki limesimama. Dorkasi akapangwa na Dokta Aakash. Dokta Julius akapewa Asnath, binti kutoka Mnyuzi, miaka miwili tu tangu atoke chuo.

Ulikuwa uamuzi wa busara, hakuna aliyebisha. Lakini wivu hausikii busara. Dorkasi alijifukiza nyungu nyumbani kwake Old Korogwe, machozi yakamtiririka, na si yote yaliyoletwa na mvuke.

Wiki ya zamu yake likaja agizo jingine: mashine ya umeme ya kutobolea fuvu iwekwe kabatini, maana inarusha majimaji hewani. Wakarudi kwenye keekee ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Keekee ile ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiizungusha sana, pale ncha inaposhikiliwa hulegea, na ncha ikiponyoka inazama kwenye ubongo. Aliyejua ni Dorkasi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiikaza kimyakimya kila mizunguko ishirini.

Jumatatu ya makabidhiano alishika kalamu, akafungua daftari la zamu. Akaandika barakoa zilizobaki, akaandika mkasi uliopinda. La keekee hakuliandika. Kama huyo Asnath ni hodari, si atajionea mwenyewe? Aibike kidogo tu mbele ya daktari, basi.

Jumatano mchana simu yake ikaleta ujumbe wa kitengo: Kibwana, dereva wa bodaboda wa Handeni, ameanguka, damu inavujia ndani ya fuvu, wanaingia saa nane. Dorkasi akampigia Asnath. Simu imezimwa. Akampigia daktari. Imezimwa. Saa nane kasoro dakika kumi. Aliyemtaka aibike ni Asnath, na sasa atakayekufa ni mtoto wa watu.

Alitoka nyumbani mbio hadi hospitali, kanga begani, barakoa usoni.

"Sista, si wiki yako hii!" mlinzi akamkemea.

Alimpita kama hakumsikia. Akaingia chumba cha vyombo, akafungua kidirisha cha kupitishia vifaa. Dokta Julius alikuwa ameinama, keekee inazunguka.

"Asnath! Kaza ncha! Ikaze sasa hivi!"

Asnath hakuuliza. Akaipokea keekee, akaikaza, akairudisha. Daktari hakuinua macho.

"Asante, Dorkasi," akauambia mkono uliompa keekee.

"Karibu, dokta," akajibu Asnath.

Saa kumi Kibwana akatolewa, yu hai. Asnath akamfuata Dorkasi chumba cha vyombo, mikanda ya barakoa imemchora mashavu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mimi mle ndani sina jina. Zamu ya tatu hii naitwa Dorkasi. Nikikosea, naambiwa Dorkasi asingefanya hivyo. Nilikuwa nakuchukia, dada, Mungu anisamehe." Akapangusa jasho. "Ila ulijuaje kama italegea?"

Sifa aliyoililia wiki zote ndiyo hiyo imemfikia, nayo ilikuwa chungu. Wagonjwa alikuwa akiwaambia kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaomba daftari.

Akaandika: Keekee hulegea. Ikazwe kila mizunguko ishirini. Nilijua tangu Jumatatu, sikuandika kwa sababu ya wivu.

Asnath alisoma mpaka mwisho.

"Dada, dokta atalisoma hili."

"Asome," akasema Dorkasi, akaweka jina lake chini kwa herufi kubwa, ili safari hii daktari asimchanganye na mtu.