Doa la Wino

Jumamosi asubuhi, kama walivyozoea, Mwalimu mstaafu na mkewe walifungua milango ya nyumba yao ya kale kwa yeyote aliyetaka kuona picha na vitabu vyao adimu. Mke alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada. Hakuna kitabu mle ndani ambacho hakikupita mikononi mwake. Mumewe ndiye aliyevitafuta, na alivilinda kama mboni ya jicho. Mkewe humtania kwamba yeye mke akisafiri mwezi mzima hatafutwi, lakini kitabu kikisogezwa kidogo tu, nyumba haikaliki.

Mgeni siku ile alikuwa mmoja, muuguzi wa makamo. Picha hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu, kama mtu aliyeelekezwa, akaomba aonyeshwe kitabu cha tiba kilichoandikwa kwa mkono.

"Mama, kabla hujakifunua," alimwambia mke, "ukurasa wa kwanza una doa la wino, mfano wa sikio?"

Mke akafunua. Doa lilikuwapo.

"Umelijuaje?"

"Wino niliumwaga mimi, nina miaka sita, nikachapwa. Kitabu ni cha marehemu baba. Alikiazimisha, akafa hakijarudi. Hatukujua alimpa nani."

Mke akamgeukia mumewe. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiambiwa kimenunuliwa mnadani. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka.

"Sema, mume wangu."

"Nilitaka kukinakili tu. Kisha nikasikia msiba. Nikaona, nani atakiulizia?"

Muuguzi hakulia wala hakugomba, na hilo lilimtisha mke zaidi. Mke akachukua kitambaa safi, akakifunga kitabu. Mwalimu akamtangulia mkewe mlangoni, akasimama katikati.

"Usikitoe. Nakuomba."

"Nipishe."

Mke hakurudi nyuma. Hatimaye mzee akajisogeza kando, taratibu, uso kaukunja kama anang'olewa jino. Muuguzi akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akamshukuru mke peke yake, akaenda zake.

Mke akafunga mlango. Akazitazama rafu zote zilizojaa kazi yake, ngozi na uzi na gundi ya miaka yote ile.

"Na vingine?" aliuliza.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi. Kisha akainua mkono na kuanza kumwonyesha kwa kidole, kitabu kimoja baada ya kingine.