Ofisi ya Shemeji Chande

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia katika ofisi ya shemeji yangu Chande, ofisi ambayo sijawahi kuiona kwa sababu haipo.

Chande ni mume wa dada yangu Mwajabu. Anasema anasafirisha magari kutoka Japani, na kampuni yake yote inaishi kwenye statasi ya simu. Mimi nataka kumletea mama kigari. Mama anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa bodaboda, amekaa upande, mvua ije isije, na akirudi hana nguvu hata za kushika koti la dereva. Kila nikisema nitafute kampuni inayoeleweka, ukoo mzima unanijia juu: utampaje kazi mtu baki na shemeji yupo? Leo ndiyo siku niliyoahidi kumjibu. Nililala nimenuna.

Nyuma ya kaunta amekaa jogoo. Mguuni kafungwa ndala ya buluu kwa kamba ya katani, vile tunavyomfunga kuku mgeni asitoroke.

"Mkurugenzi yupo?" nauliza.

"Unaongea naye," anasema jogoo.

Sishangai. Kwa ninavyomjua Chande, ningeshangaa zaidi kumkuta mtu.

"Nataka kuongea na wateja mliowahi kuwahudumia."

Jogoo anavuta pazia. Wateja wamejaa kwenye benchi, vumbi limewakaa mpaka kwenye kope, kila mmoja kapakata usukani.

"Magari yenu yamefika?" nawauliza.

"Bado," wanajibu kwa pamoja, kwa adabu.

"Na hamlalamiki?"

"Tutalalamikaje, mwanangu?" anasema mzee wa mwisho. "Mimi ni mjomba wake."

"Mimi binamu," anasema wa pembeni yake.

"Mimi nilimnyoa siku ya harusi," anasema wa tatu, na anafuta machozi kwa usukani.

Nimechoka nao. Namwambia jogoo anionyeshe gari langu, na hapohapo sakafu ya ofisi ni gati ya bandari. Kigari kipo, rangi ya maziwa, kizuri kweli. Jogoo anatangaza kuwa sheria ya meli ni gari liwe tupu. Vibarua wanatoa jeki. Sawa. Wanatoa viti, wanatoa milango, wanatoa injini, na mwisho wanamtoa mama, ambaye sikujua kama alikuwa ndani.

"Huyo ndiye mwenye gari!" napiga kelele.

"Tupu ni tupu," anasema jogoo.

"Haya, na meli yenyewe iko wapi?"

Jogoo ananyoosha bawa. Juu ya maji inanguruma bodaboda, na mama kishapanda, kakaa upande, kanzu yake inalowa kwa mawimbi.

"Mama, shuka!"

"Usimgombeze shemeji yako," ananijibu. "Utamponza mwenzio Mwajabu."

Hata ndotoni! Nakaribia kulia kwa hasira.

"Angalau bima mnayo?" namuuliza jogoo.

"Ipo. Gari likizama, tunakurudishia dada yako, na watoto, na makochi."

Hapo ndipo anapoongea yule mama wa Kijapani, yule anayesema maneno yake kila ukiwasha gari la mtumba, na mjini kwetu hakuna aliyewahi kumwelewa. Mimi namwelewa neno kwa neno.

"Dada," anasema kwa upole kutoka kwenye dashibodi, "hili gari lao la picha halijawahi kuiona meli. Linakaa uani kwa shemeji yako. Kuku wanalala juu ya usukani."

Jogoo anawika kwa nguvu ili nisisikie zaidi. Nikaamka.

Kumekucha. Mama alikuwa keshajitanda kanga, anasubiri dereva wake mlangoni. Simu ikaita kidogo: ujumbe wa Chande, na picha. "Shem, gari la mama hili hapa, bandarini Japani. Linasubiri neno lako tu."

Kigari rangi ya maziwa. Karibu na tairi la mbele, pembeni kabisa mwa picha, ilionekana ndala ya buluu, kamba ya katani, na mguu mmoja wa kuku.

Nilimpa mama simu. Alivaa miwani, akaiangalia picha mpaka bodaboda ikafika na kupiga honi.

"Huko Japani," akauliza, "kuku nao wanafungwa ndala?"

"Sijui, mama."

Akanirudishia simu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisihi kila siku nimfikirie shemeji.

"Tafuta kampuni yenye ofisi, uingie kwa miguu yako," akasema, akijipandisha taratibu kwenye bodaboda. "Mwajabu niachie mimi."