Binti Mwenye Haya

Profesa Shen alifundisha maisha yake yote mambo ambayo kwetu Tanga hufundishwa chumbani, mlango umefungwa: vitabu vya mapenzi vya Wachina wa kale, vile ambavyo wakubwa walivipiga marufuku mchana na kuvisoma usiku. Sasa ana miaka themanini na kitu, miguu imekataa, na mimi Vumilia ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kubishana naye katika nyumba yake ya mbao hapa ughaibuni, Takoma Park.

Vitabu vimejaa hadi bafuni. Chini ya kila kabati alikuwa amelaza picha iliyochorwa kwa mkono: mwanamume na mwanamke kitandani, hawana habari na mtu. Siku ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Akanieleza kwamba mama yake ndiye aliyemwekea picha zile chini ya sanduku la harusi, ili bi harusi ajue la kufanya, na kwamba zina kazi ya pili. Kwa imani yao ya zamani, moto ni binti, na binti huyo ana haya. Akiingia nyumbani akakuta mambo kama yale, hufunika uso akaondoka.

"Nyie mna picha," nikamwambia. "Sisi tuna somo, yule mama anayemfunda mwari. Anakukalisha chini anakwambia kwa mdomo."

Akataka nimweleze yote. Nikakataa, kwa kuwa mambo ya somo hayatolewi ovyo.

Mwezi uliopita nilipata homa, na Genoveva wa Annandale, mlezi mwenzangu, akanishikia zamu. Genoveva ana moyo safi, mtu wa kwaya, lakini hawezi kuona kitu akakiacha. Niliporudi, makabati yanang'aa na picha hazipo.

"Nimezi-trash, dada," akaniambia kwenye simu. "Mama mzee vile, na madudu yale chini ya vitabu? Nili-pray kwanza, nikazitoa. Gari la taka limeshapita."

Nilimtukana tusi ambalo mpaka leo sijaliombea radhi.

Mchana uleule, nikimlisha Profesa uji wa mchele, nikaona binti amesimama kwenye mlango wa chumba. Mlango wa nje nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Alivaa nguo nyekundu, macho chini, mikono mbele kama mwari anayetolewa nje. Karibu na bega lake rangi ya mlango ilianza kutoa malengelenge na kunuka. King'ora cha moshi juu yake hakikulia.

"Ndiye," Profesa akasema, na uji ukamtoka mdomoni. "Usinihamishe. Anamfuata mtu, hafuati nyumba."

Nilitoa simu nikatafuta picha kama zile; mtandaoni hazikosekani. Nikamwonyesha binti. Aliziangalia kama mtu anayesoma ratiba ya basi, akapiga hatua ndani.

"Hizo hazina mama," Profesa alinong'ona. "Lazima kiwe kitu ulichopewa na mkubwa wako."

Cha namna hiyo nilikuwa nacho kimoja tu. Nikakaa kitandani, nikaanza kusema maneno ya somo wangu kama alivyonipa: namna ya kumpokea mtu, habari za shanga za kiunoni, namna ya kukataa huku unacheka. Nilisema kwa Kiswahili, na binti alielewa. Akafunika uso kwa viganja, akarudi kinyumenyume hadi sebuleni, na chumba kikapoa.

Tangu hapo anakuja kila mchana, nami sijarudi kwangu. Nampenda kikongwe huyu, nisiseme uongo, na simwachi aungue. Naogopa mpaka mkojo unaniponyoka. Kila siku nampa binti jambo jipya, kwa kuwa ya jana hayamtii haya tena.

Jana mambo ya somo yaliisha. Somo mwenyewe yuko kaburini, na shangazi niliyempigia simu Tanga aliniuliza kama nimelewa.

Kwa hiyo leo nimeanza ya kwangu, mimi na marehemu mume wangu, usiku ambao sijawahi kumwambia mtu. Mambo haya hakunipa mtu yeyote. Profesa amenishika mkono, anajua hayatamzuia, analia kimya. Naendelea.

Binti hafuniki uso. Ameinua macho, ndiyo kwanza nayaona, na anavuta kiti karibu na kitanda ili asikie vizuri.