Kijiko cha Dirishani

Grace alipohama Kilwa Masoko kumfuata mumewe kule Mtama, hakuifikiria kabisa Ramadhani yangu. Mimi nimefunga, siwezi kuonja. Yeye Mkristo, jirani yangu, ndiye aliyekuwa akionja chatini ya ukwaju ya kuchovyea katlesi, nikimpitishia kijiko dirishani.

Leo, katlesi zikiwa mafutani, nilinyoosha kijiko kwa mazoea. "Grace, onja!"

Akachungulia mpangaji mpya, kofia kichwani. "Dada, nami nimefunga."

Tulipofuturu, mume wangu Yunusu alichovya katlesi, akakunja uso. Chumvi! Nikampigia simu Grace nimgombeze kwa kuniacha.

Akapokea bila hata salamu. "Chumvi imezidi, eti?"

Nikalisogeza kando bakuli la chatini.

"Nami huku," akasema, "kila alasiri nakaa dirishani. Haniiti mtu."