Ghorofa ya Nne kwa Masikio

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, lifti ya hospitali iligoma, mke wangu akiwa juu ya machela anaisubiri. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya nne. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Walipokubali abebwe kwa ngazi, pumzi zilikuwa zimeshaanza kuaga. Wakubwa wa hospitali walikuja msibani na suti zao, wakasema ni mipango ya Mungu. Mungu! Kana kwamba ndiye fundi wa lifti. Mpaka leo haijaguswa.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiona kwa nje zaidi kuliko kwa ndani, na tangu siku ile ulimi wangu ni shubiri. Kinachonifanya nitembee kifua mbele ni kimoja: binti yangu, asiyeona tangu kuzaliwa. Wenzake walimwita Popo kwa kumcheka. Yeye akalipenda jina, akalivaa kama kofia ya sikukuu.

Popo anatengeneza michezo ya kompyuta. Ndiyo, kompyuta; humsomea kwa sauti kila anachoandika. Mchezo wake hauna picha. Kioo ni cheusi kwa kila mtu. Unavaa hedifoni, sauti zinakuonyesha njia: kushoto bomba linadondosha maji, mbele bawaba za mlango zinalia. Mwenye macho na asiyenayo wanaanza sawa.

Msimu mzima alikuwa akija kibandani kwangu kuazima viatu vya wateja. Anavaa, anatembea juu ya vigae, anarekodi.

"Hicho cha mke wa mwalimu ukikivunja kisigino, utamweleza wewe."

"Nataka muuguzi anayekimbia, Baba. Hizi sandali zako zinatembea kama zimeitwa na mkwe."

Sikuuliza mchezo unahusu nini. Siku aliponivalisha hedifoni, nilisikia magurudumu ya machela. Kisha kikohozi. Cha mama yake, alichokirekodi zamani alipokuwa anajifunza kazi na kunasa kila sauti ya nyumba yetu. Kazi ya mchezaji ni kumfikisha mgonjwa ghorofa ya nne.

Nilivua, nikatoka nje kutafuta hewa. Niliporudi nikamuuliza, "Anafika?"

"Anafika, ukisikiliza vizuri. Fuata ndala za mfagiaji. Anajua njia ya mteremko ya kupandishia machela, nyuma ya jikoni."

Nikavaa tena hedifoni, nikampoteza mgonjwa. Nikarudia, nikampoteza tena. Kisha akafika. Sisemi zaidi.

Siku ya maonyesho ya vijana wabunifu, mgeni rasmi alikuwa nani? Mkurugenzi wa hospitali ileile. Mwandaaji alimjia Popo jasho likimtiririka.

"Binti, toa hicho kitufe cha lifti isiyokuja tu, mchezo ubaki. La sivyo meza yako naifunga."

"Nikikitoa, watu watadhani hospitali haina lifti kabisa. Si nitakuwa namsingizia mheshimiwa?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafika mezani, anavuta kiti.

"Mbona giza?"

"Ndivyo ulivyo, mheshimiwa," Popo akasema, akimkabidhi hedifoni. "Sikiliza."

Popo alikuwa ameunganisha kompyuta na spika ndogo pia, kwa hiyo tuliozunguka meza tulisikia yote. Ndala za mfagiaji zilipita karibu na mkurugenzi, zikapunguza mwendo, zikamngoja. Akaziacha ziende. Akatafuta kitufe cha lifti, akakibonyeza.

Akasubiri. Mikono magotini, ametulia, kama mtu ambaye maishani hajawahi kuita kitu kisije.

Kikohozi kikatoka kwenye spika.

Maneno niliyoyatunza tangu Jumanne ile yalinijaa mdomoni. Nikamtazama Popo. Kidevu juu, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa spika. Alimlea mama yake ndani ya mashine ile mpaka umati ukamsikia akipumua. Ningeongeza nini mimi? Nikayameza maneno yangu, nikasimama nyuma ya kiti chake kama mlinzi wa ikulu.

Mkurugenzi akabonyeza tena. Kikohozi kikawa chembamba. Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha shughuli zao. Akabonyeza mara nyingine, kwa nguvu, kisha akasogeza hedifoni sikio moja likabaki wazi, akatugeukia.

"Samahani," akasema, "hii lifti inakuja lini?"